Karavani Ipi kwa Pikapu Ipi? Kulinganisha Uzito wa Trela na Nguvu za Kuvuta, Nakuru hadi Kisumu

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuhamia Naivasha, nimezoea kuona kitu kilichokuwa nadra kwenye barabara zetu: pikapu inayovuta nyumba. Wengine wana kisanduku cha bati kilichochomelewa na fundi wa jua kali, hema likiwa limekunjwa juu. Wengine wana karavani nyeupe za Uingereza ambazo zilishazeeka huko kwao kabla ya kuvuka bahari. Mmoja mmoja ana nyumba ndefu ya magurudumu manne, yenye choo na jiko la mabamba matatu. Mashindano yakiisha hawarudi kuegesha tu. Wanakwenda Baringo, msitu wa Kakamega, au Dunga kula samaki.

Wanaotaka kuingia kwenye starehe hiyo huniuliza swali lilelile: "Pikapu yangu inavuta tani tatu na nusu. Ninunue karavani gani?"

Hizo tani tatu na nusu si uongo. Toyota Hilux ya 2.8, Isuzu D-Max ya 3.0, Ford Ranger na Land Cruiser 79 zote, kwenye masoko mengi, zimeandikiwa kilo 3,500 kwa trela lenye breki zake na kilo 750 kwa lisilo na breki. Ila namba hiyo ina masharti, na muuzaji hataji masharti. Ni kama kusema mtu anaweza kubeba gunia la kilo 90. Ndiyo, lakini je, akiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, akipanda mlima?

Kwa hiyo hapa nalinganisha aina tatu za trela zinazopatikana kwetu, zote zikivutwa na pikapu ya kawaida ya dizeli yenye kebini mbili. Tuanze na vipimo vyenyewe.

Vipimo vya kutumia

*Uzito wa trela likiwa limepakiwa.* Uzito unaotangazwa mara nyingi ni wa trela tupu, na hakuna anayesafiri na trela tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 limeshapita gunia la mahindi. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hauna kilo 13. Chuma chenyewe kina uzito wa karibu kiasi hicho hicho. Betri ya asidi ya ampea 100 ni kama kilo 30. Ongeza godoro, viti, kreti ya soda na mfuko wa makaa, utashangaa.

*Uzito wa pua.* Hiki ndicho watu hawakijui kabisa. Pua ni ile sehemu ya mbele ya trela inayokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya pikapu. Ukitaka kuelewa uzito wake, nenda soko la Wakulima ukawaangalie watu wa mikokoteni. Mzigo ukikaa mbele sana, mishikio humlemea mwenye mkokoteni. Ukikaa nyuma sana, mishikio humwinua yeye, na mkokoteni unakwenda unakotaka wenyewe. Trela ni mkokoteni huohuo, ila kwa kilomita 80 kwa saa. Wamarekani hutaka pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa, Waaustralia karibu asilimia 10, na karavani za Ulaya hutengenezwa kwa asilimia 5 hadi 7, nyingi zikiwa na kikomo cha kilo 100 hivi. Fuata mila ya nchi ilikotengenezwa karavani yako. Kama ni ya jua kali, anza na asilimia 10.

*Nafasi inayobaki kwenye pikapu.* Hapa ndipo hesabu za wengi hufia, nami nitakaa hapa kidogo. Uzito wa pua unahesabiwa kama mzigo wa pikapu, sawa na kitu ulichopakia nyuma. Tuchukue mfano: pikapu tupu kilo 2,050, na kitabu chake kinaruhusu ifike kilo 3,000 ikiwa na kila kitu. Imebaki 950. Toa bampa ya chuma kilo 60, kanopi kilo 80, tobaa yenyewe kilo 30. (Mafundi wetu huita chuma cha kuvutia "tobaa", na ukizidisha mzigo utaitaja toba kweli.) Toa watu wazima watano wa kilo 75, ambao ni 375. Toa kisanduku cha barafu na mabegi, kilo 120. Jumla umetumia 665. Zimebaki kilo 285 tu, na bado hujafunga trela.

Sasa funga karavani ya kilo 2,400 yenye pua ya kilo 240. Umebakiwa na kilo 45. Mpatie mtu lifti kutoka Salgaa na umemaliza.

Kuna lingine. Tufe liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kazi kama wenzo. Ikiwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.1, na tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli hiyo, zile kilo 240 zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa karibu kilo 330, na kilo kama 90 zinaondoka kwenye magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo magurudumu yanayopiga kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Ukiona pikapu imeinua pua kama mashua inayoondoka ufukweni, hicho ndicho unachokitazama. Kuongeza springi nyuma kutainyoosha pikapu isimame vizuri. Namba iliyo kwenye kitabu haitaongezeka hata kwa kilo moja.

*Uzito wa msafara mzima.* Gari pamoja na trela vina kikomo chao pia. Tuseme kitabu kinasema 6,000. Pikapu ikiwa imejaa hadi 3,000, trela haliwezi kuwa 3,500 tena, ni 3,000. Tani tatu na nusu za muuzaji zinapatikana tu pikapu ikiwa na kilo 2,500, yaani dereva, mwenzake mmoja na mafuta, na vitu vichache nyuma.

*Breki, na kilima.* Vipimo hivi viwili navitaja pamoja kwa sababu barabara yetu imeviunganisha. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mau Summit inapita mita 2,400, na ukishika njia ya Eldoret, Timboroa inapita 2,700. Kisha Kisumu, kwenye maji, ni kama mita 1,130. Nani kasema safari ya kwenda ziwani ni ya kuteremka tu? Unapanda kwanza karibu mita 600, halafu unashuka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Trela la kwanza: jepesi, ekseli moja, lisilo na breki

*Uzito.* Chasi na sanduku huwa kilo 300 hivi. Hema la paa ni kilo 60, maji lita 80, mtungi wa gesi na betri kama 57 pamoja, na chakula, viti, kuni na vyombo vingine 100. Unafika karibu kilo 600. Kikomo chako ni 750, na usikikaribie.

*Pua na pikapu.* Pua ya kilo 60 ni kama kubeba mtoto mkubwa. Watu watano wanaingia bila wasiwasi wowote.

*Breki.* Hakuna, na kila kilo ya trela inasimamishwa na breki za pikapu. Zikiwa nzima, na mafuta ya breki yamebadilishwa, inawezekana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yaliyozeeka huchemka mapema kwenye mteremko mrefu. Wengi wetu hatuyabadilishi mpaka fundi atukemee.

*Kilima.* Hata pikapu kuukuu ya 2.5 italivuta. Utashuka gia moja, basi.

*Mahali pa kufika.* Hapa ndipo linashinda mengine yote. Njia ya murram, kichaka, lango jembamba la mtu wa kijijini, yote linapita. Likikwama, watu wawili wanaliondoa kwenye tufe na kuligeuza kwa mikono.

Ubaya wake ni kwamba wepesi unadanganya. La kwangu la kwanza nilitengenezewa Industrial Area hapa Nakuru, likapakwa rangi ya kijani, likapendeza. Tangi la maji la lita 120 nikataka liwekwe nyuma kabisa, karibu na jiko, ili bomba liwe karibu na sufuria. Kupanda hadi Mau Summit hakukuwa na neno, maana trela likivutwa mlimani linanyooka. Tulipopita Kericho tukishuka kuelekea Awasi, basi likatupita kwa kasi, na upepo wake ukalisukuma trela. Kwenye kioo cha kushoto nikaona ubavu wa trela. Halafu kwenye cha kulia. Halafu cha kushoto tena, kwa upana zaidi. Mama watoto hakusema kitu. Alishika tu kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili. Nikaachia mafuta, nikashikilia usukani wima, sikugusa breki. Mwendo uliposhuka hadi kama kilomita 60 kwa saa likatulia.

Awasi nikalifungua. Nililiinua pua kwa mkono mmoja. Nyumbani nilipolipima: kilo 15, kwenye trela la kilo 640.

"Mzee," fundi akaniambia, "hii pua hata mtoto wa darasa la tatu anaiinua. Wewe ulitaka maji karibu na sufuria, sasa sufuria ilitaka kukuendesha." Akalihamisha tangi mbele ya ekseli, tukapima tena, pua ikawa kilo 65. Trela lilelile, uzito uleule, na tangu siku hiyo halijawahi kutingisha mkia.

*Linamfaa nani.* Watu wawili hadi wanne wanaolala kwenye hema, wanaokwenda Bogoria au Kakamega mara kadhaa kwa mwaka, na wenye pikapu ya zamani au ya injini ndogo. Halimfai anayetaka kusimama wima akipika wakati mvua inanyesha.

Trela la pili: karavani ya ekseli moja yenye breki za msukumo

*Uzito.* Nyingi huwa karibu tani moja zikiwa tupu, na kilo 1,300 hadi 1,500 zikiwa na maji, gesi na nguo za familia.

*Pua na pikapu.* Ya Uingereza itataka pua ya kilo 80 hadi 100. Ya Afrika Kusini au ya kutengenezewa hapa huenda ikataka 140. Kwenye mfano wetu wa kilo 285 zilizobaki, zote zinaingia na bado unabaki na akiba ya zaidi ya kilo 140. Kwa maoni yangu hapa ndipo pikapu ya familia inapumua vizuri: watu wote wamo, mabegi yamo, na hakuna namba iliyopitwa.

*Breki.* Breki za msukumo hazina waya wala umeme. Pikapu ikipunguza mwendo, trela linaisukuma kwa nyuma. Msukumo huo unabana fimbo kwenye pua, na fimbo inavuta breki za magurudumu ya trela. Ni mtambo wa werevu, fundi yeyote anauelewa akiutazama dakika tano. Udhaifu wake ni mteremko mrefu. Kuanzia Kericho mpaka kule chini Ahero, trela linakusukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake zinashika kidogo kidogo wakati wote, hata kama mguu wako hauko kwenye pedeli. Zinapata moto. Dawa ni kusimama, kunywa chai ambayo Kericho inasifika kwayo, na kuweka mkono karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto kama la jiko, kaa nusu saa nyingine.

Na kurudi nyuma? Zile za zamani hudhani unasimama, zinashika breki. Hakikisha kuna kifaa cha kuzifungua unaporudi, au utachoma klachi ukigeuza kwenye uwanja wa kambi.

*Kilima.* Dizeli ya turbo haitasumbuka sana. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Mau Summit inakuwa imekwisha kuacha robo ya farasi wake chini. Land Cruiser 79 yenye injini ya 4.2 isiyo na turbo ni ya aina hii. Itafika, ikivutia gia ya tatu, na nyuma yako kutakuwa na msururu wa matatu zenye hasira.

*Mahali pa kufika.* Lami na murram nzuri. Zile za Ulaya ziko chini sana. Bomba la maji machafu ndilo litakalopima mashimo ya barabara. Angalia pia mlango. Karavani ya Uingereza inafunguka upande wa kushoto, kando ya barabara, kama tunavyoendesha sisi. Ya Marekani inafunguka kulia, na ukisimama kando ya barabara kuu mtoto atashukia kwenye lami.

*Linamfaa nani.* Familia ya watu wanne au watano wanaopenda kitanda cha kweli, wanaotumia zaidi barabara za lami, na wenye pikapu ya kebini mbili ya miaka ya karibuni.

Trela la tatu: karavani ya ekseli mbili

*Uzito.* Kilo 2,000 hadi 2,600 ikiwa imejaa. Zile za Marekani hupanda hata zaidi.

*Pua na pikapu.* Tumeshaifanya hesabu. Kilo 240 za pua zikiingia, pikapu ya familia imejaa pomoni. Ili kuitumia kihalali, unasafiri watu wawili, au unatoa kanopi, au unahamishia mizigo kwenye trela (ambalo nalo linaongezeka, na pua inaongezeka nalo). Kwenye uzito wa msafara utabaki salama: 3,000 na 2,400 ni 5,400, chini ya 6,000. Ndiyo maana wengi hudhani wako sawa. Wanatazama namba ya kuvuta, ambayo bado ina nafasi, huku namba ya kubeba imekwisha zamani.

*Breki.* Zile za Marekani na Australia kwa kawaida ni za umeme, na kisanduku cha kuzidhibiti hukaa karibu na goti la dereva. Kwa mteremko hizi ni bora kuliko za msukumo, kwa sababu unaamua wewe zishike kiasi gani. Zina faida nyingine kubwa: trela likianza kutingisha mkia, unaweza kubonyeza breki za trela pekee kwa mkono, likavutika nyuma na kunyooka. Zinahitaji waya mzuri, na waya wa kuungwaungwa kwa plasta nyeusi hauvumilii vumbi letu.

*Kilima.* Sehemu ya Salgaa na Sachangwan inajulikana na kila mtu, na inajulikana kwa mabaya. Huko, madereva wa malori waliozoea kuweka nyutro ili waokoe dizeli wameacha vilio vingi. Ukiwa na tani mbili na nusu nyuma yako, wewe ni lori dogo. Shuka kwa gia uliyotumia kupanda, au moja chini yake. Acha injini ishike mwendo, breki ziwe za kuongezea. Gia za otomatiki zizuie zisipande juu, maana mafuta ya giaboksi yakichemka utalala Londiani.

*Mahali pa kufika.* Lami, na kambi yenye uwanja mgumu. Magurudumu manne yanatulia vizuri barabarani na tairi moja likipasuka una mengine ya kukushikilia, lakini kona kali huyavuta kando na kuyala. Usijaribu udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, wakati wa mvua. Nimeona trekta ikihangaika pale.

*Linamfaa nani.* Wawili waliostaafu wanaotaka kukaa wiki tatu mahali pamoja. Pia mwenye jiko la chakula la kutembea ambaye anahamia Kisumu kwa msimu, anaegesha na haondoki. Kwa watu watano wanaohama kila siku mbili, itakuchosha kabla ya kukufurahisha.

Na pikapu isiyo ya kebini mbili?

Kebini moja hubeba zaidi, kwa sababu yenyewe ni nyepesi na haina viti vya nyuma vya kujaza watu. Ikiwa mko wawili, karavani ya ekseli mbili huenda ikakaa vizuri zaidi nyuma ya kebini moja ya bei nafuu kuliko nyuma ya kebini mbili iliyojaa mapambo. Land Cruiser 79 ina chasi na springi za kazi, na kwa kubeba pua nzito iko raha. Udhaifu wake ni ule wa kilima nilioutaja. Hilux za kizazi cha 2005 hadi 2015 nyingi ziliandikwa karibu kilo 2,500 za kuvuta, si 3,500, kwa hiyo usichukue namba ya jirani mwenye gari jipya ukaifanya yako. Soma kitabu cha gari lako, na bamba lililo kwenye fremu ya mlango.

Kupima bila kubahatisha

Mizani ya magari ipo kwenye maghala ya mahindi na viwanda vya chai na sukari. Ukiomba kwa adabu siku isiyo na foleni, utapimiwa kwa pesa kidogo. Pima mara tatu: msafara mzima, kisha pikapu peke yake juu ya mizani, trela likiwa limefungwa bado, kisha trela peke yake likiwa limefunguliwa. Kuwe na watu ndani na maji kwenye tangi, kama siku ya safari.

Pua unaweza kuipima nyumbani kwa mizani ya bafuni, ile ya kupimia watu, hata kama inaishia kilo 120. Chukua ubao imara. Upande mmoja uweke juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani, umbali wa sentimita 90 kati yao. Shusha pua ya trela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito. Ikisoma 45, pua ni kilo 135. Trela lisimame sawa bila kuinama, na magurudumu yake yawekewe mawe.

Makaratasi ni mafupi: trela linasajiliwa kivyake na kupewa namba yake, zile zinazoanza na Z, na taa za nyuma lazima ziwake. Muulize mwenye bima kama mkataba wako unahusu gari likiwa linavuta. Mwambie akujibu kwa maandishi.

Kwa hali yako

Ukiwa na pikapu ya zamani au injini ndogo, na safari zako ni za wikendi, trela jepesi litakutosha. Pesa zinazobaki ziweke kwenye tairi na breki za pikapu.

Ukiwa na watoto watatu, kanopi, na mama mkwe anayependa kuja, kaa kwenye ekseli moja yenye breki, chini ya kilo 1,500. Hata kama moyo unataka ile ndefu.

Mkiwa wawili, mnataka kukaa muda mrefu, na mnakwenda kwa lami, ekseli mbili inaingia, bora breki ziwe za umeme na mizigo ya pikapu ipungue.

Ukiwa unakaa upande wa Kisumu na safari zako ni za ziwani, Dunga mpaka Mbita na Rusinga, kilima hakitakusumbua sana kama matope. Hapo uangalie zaidi tumbo la trela limeinuka kiasi gani kutoka ardhini.

Na kama tayari umenunua karavani kubwa kuliko gari, usiuze kwanza. Mwaga tangi la maji kabla ya kuondoka ulijaze mtakapofika, toa kanopi, na wawili wenu wapande matatu mpaka Kericho. Halafu pima tena.